Doa Kabla ya Maji

Mtaani hakuna aliyemwita kwa jina. Aliitwa Dobi, na mke wake akaitwa mke wa Dobi mpaka alipojifungua, ndipo akawa Mama Kifungo. Mtoto alipata jina hilo kwa sababu alizaliwa mdogo, na kwa sababu kitu cha kwanza alichokipenda duniani, baada ya maziwa, ni kopo la vifungo lililokaa chini ya meza ya kupigia pasi. Vifungo vya makoti, vya sare za shule, vya mashati yaliyokwisha kufa. Mama yake alikuwa amevichagua vikubwa tu, visivyomezeka. Kifungo alikuwa na miaka miwili na miezi minne, na aliweza kukaa na kopo lile tangu asubuhi hadi nguo zikauke, akivimwaga na kuvirudisha kama karani mwenye kazi nyingi.

Chumba cha kazi kilikuwa mbele, cha kulala nyuma, na katikati yake pazia. Mama Kifungo alikuwa mpishi wa shule, akiondoka alfajiri na kurudi alasiri, kwa hiyo mchana mtoto alikuwa wa baba.

Dobi alikuwa mtu wa maneno machache, ila doa likimfikia mezani alipata ulimi. Kilichomuudhi kuliko vyote ni mteja aliyejaribu kulitoa mwenyewe nyumbani.

"Nani amekutuma ulisugue?"

"Nilitaka kukupunguzia kazi, Dobi."

"Umenipunguzia macho! Sasa hili lilikuwa chai, kutu au damu? Kila doa lina dawa yake. Ukilikoroga kwako unaniletea kivuli. Niletee doa lilivyo, kabla ya maji."

Alipopokea nguo hakuitia kwenye beseni kwanza. Aliitandaza, akaiangalia, kisha akachukua lebo, kipande cha kitambaa cheupe upana wa vidole viwili, akaandika kwa kalamu ya wino usiotoka: *Shati jeupe. Kola, jasho. Mfuko, wino. Kifungo cha tatu hakipo.* Akaibana kwa pini. Alisema kuna madoa yanayojificha kwenye maji na kurudi kwenye joto la pasi, na siku yakirudi ni lazima ujue yalikuwa wapi.

Jambo lake la pili lilikuwa la tangu utotoni. Mama yake aliwahi kumpeleka zahanati akiwa na fulana yenye tope, na mhudumu akawaambia wakae mwisho wa benchi, karibu na mlango, ili hewa ipite. Waliokuja baada yao wakaitwa kabla yao. Dobi alikuwa na miaka sita. Hakumsimulia mtu habari hiyo isipokuwa mkewe, tena mara moja tu, lakini ndiyo iliyomfundisha kazi. Mtu wake haendi mbele ya tabibu, mwalimu wala karani bila kunyooshwa.

Basi homa ya Kifungo ilianza Jumatatu.

Siku ile mtoto hakuliulizia kopo. Alilala kwenye rundo la mashuka yaliyokauka, mashavu yamewaka, na Dobi alipomgusa shingo aliondoa mkono kama aliyegusa pasi. Wakampa dawa ya maji ya kushusha homa. Ikashuka kidogo, ikapanda. Jumanne vilevile.

Jumatano Dobi alifunga duka mapema. Akamwogesha mtoto kwa maji ya vuguvugu, akampaka mafuta, akampa dawa ya homa ili njiani asisumbuke. Akampigia pasi gauni la njano la mikono mirefu, hata ule mkunjo mdogo kwapani usioonwa na mtu. Soksi nyeupe. Walipofika zahanati akina mama wakasogea kuwapisha.

Aliyewapokea alikuwa tabibu kijana, binti mwenye kalamu mbili kifuani, na mstari mrefu wa watu mlangoni. Akampima joto.

"Ana homa ndogo tu, baba. Imeanza lini?"

"Juzi."

Akapima malaria, hakuna. Akamulika koo, jekundu. "Koo hili. Nampa dawa ya siku tano. Asipopata nafuu mrudishe, usingoje."

Dobi akarudi amepumua. Koo ni kitu ambacho mtu anakijua.

Alhamisi alfajiri Mama Kifungo alimshika mtoto karibu na dirisha, akaita, "Baba Kifungo, hebu njoo uone macho haya."

Yalikuwa mekundu yote mawili, bila matongotongo, bila machozi. Kifungo aliyafumba kukimbia mwanga. Kifuani na mgongoni palikuwa na vipele ambavyo kidole kilivijua kabla ya jicho. Na begani, pale penye kovu la chanjo aliyochomwa akiwa mchanga, palikuwa pamevimba na kuwaka kama kwamba sindano imetoka jana.

"Labda ni dawa zimemkataa," Dobi alisema.

"Labda, labda. Mpeleke."

"Kesho. Alisema dawa ya siku tano, leo ni ya pili. Tukienda kila siku watatuona hatuna akili."

Mama Kifungo alimtazama mumewe, akachukua mkoba, akaenda kwenye masufuria yake. Watoto mia tatu wa watu walikuwa wanangoja uji.

Ijumaa macho yalikuwa yamepungua wekundu. Midomo sasa ndiyo iliyokuwa imepasuka, na kwenye mpasuko mmoja palikuwa na damu iliyoganda. Ulimi ulikuwa mwekundu kama pilipili iliyoiva, wenye nukta nukta. Dobi akaufuta mdomo kwa kitambaa laini, akaupaka mafuta mazito mpaka ukang'aa, mpasuko usionekane. Akampa dawa ya homa. Gauni lilelile, limefuliwa tena. Vipele vyote vikawa ndani ya nguo, na bega ndani ya mkono mrefu. Viatu vyeupe vya mkanda, vilivyomtosha Jumapili iliyopita, vikakataa kuingia.

"Mama wewe, unakua na huku unaumwa?" akamwambia mtoto kwa kumbembeleza, akamvalisha soksi tupu.

Maneno yale yangemchoma baadaye kuliko pasi.

Siku hiyo alikuwa zamu tabibu mtu mzima, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alipapasa shingo ya mtoto, akakuta tezi upande wa kushoto.

"Tezi hii ni ya koo. Homa ikoje?"

"Inakuja, inaondoka."

"Sasa hivi haipo. Dawa inafanya kazi, ipe muda." Akamwinua Kifungo kidevu, akatabasamu. "Na mtoto anatunzwa huyu! Wengine wanatuletea watoto kama wametoka kuchimba kisima. Soksi nyeupe kama karatasi. Atapona, mzee, usiwe na wasiwasi."

Dobi alitembea kifua mbele mpaka kona ya kwanza. Pale akahisi joto la mtoto likianza kupenya kwenye shati lake, taratibu, kama maji yanavyopanda kwenye kitambaa.

Jumamosi Kifungo alilia kutwa. Kilio hicho hakikuwa cha njaa wala cha kudeka. Akishikwa analia, akiachwa analia, shuka likimgusa analia. Mama yake alimzungusha chumbani hadi usiku wa manane. Jumapili hakulia, akalala tu macho nusu wazi, na hilo likawatisha zaidi.

"Hivi wewe unawaambia nini kule?" Mama Kifungo aliuliza.

"Wanachouliza."

"Uliwaambia macho?"

"Macho yalikuwa yamepona."

"Vipele?"

"Hawakuuliza vipele, Mama Kifungo. Watu wale wamesoma."

"Wamesoma, ndiyo. Walimsoma hata ndani ya nguo?"

Dobi alivuta pazia. Alitoka, akawasha pasi, akanyoosha mashati ambayo hayakuwa na haraka.

Jumatatu, siku ya nane, alikuwa amepanga kwenda mara ya tatu. Dawa ya homa ilikuwa imekwisha, akasema atanunua njiani. Kifungo alikuwa nyuma ya pazia, na gauni la njano liko mezani chini ya pasi, ndipo akaingia mwalimu wa shule ya jirani na shati jeupe mkononi.

"Dobi, nisaidie, leo saa nane nina kikao. Kulikuwa na doa hapa kifuani, lakini nimeshalifanyia kazi."

Dobi akalipeleka shati kwenye mwanga. Pale kifuani palikuwa na wingu la rangi isiyo na jina.

"Umeliweka nini?"

"Maji ya moto. Halafu ndimu. Halafu nikalisugua kwa..."

"Mwalimu! Mtu msomi kabisa! Nimewaambia mara ngapi? Umeliosha, umelipaka, umelificha, halafu unaniletea mimi, unaniuliza ni nini! Nitajuaje? Mimi ni mchawi? Ungeniletea lilivyo! Lilivyo, kabla ya..."

Akasita.

"Dobi?" Mwalimu alisogea. "Dobi, kulikoni?"

Nyuma ya pazia mtoto alikuwa anapumua kwa sauti ndogo, kama mtu anayepuliza uji. Dobi alisimama na shati la watu mkononi, na mbele yake ikapita Jumatano, maji ya vuguvugu na dawa ya homa. Ikapita Ijumaa, mafuta ya midomo, mkono mrefu, soksi. Kinyozi hajinyoi, watu husema, na husema wakicheka.

"Kitu kinaungua," alisema mwalimu.

Lilikuwa gauni. Pasi ilikuwa imekaa kifuani pake, na ilipoinuliwa iliacha umbo lake lote, la rangi ya kahawia, limekamilika mpaka ncha. Miaka kumi na tisa Dobi hakuwahi kuunguza nguo ya mtu.

"Nenda mwalimu," alisema. "Shati liache. Leo nimefunga."

Hakutafuta gauni jingine. Alichukua lebo nane mezani, akaketi chini, akaandika juu ya magoti. Kichwa hakikumtupa. Dobi akisahau doa anakula nini?

*Jumatatu. Homa kali. Hachezi.*
*Jumanne. Homa.*
*Jumatano. Homa. Koo jekundu. Nilimpa dawa ya homa kabla ya kwenda.*
*Alhamisi. Macho mekundu yote, hayana uchafu. Vipele kifua na mgongo. Kovu la chanjo limewaka.*
*Ijumaa. Midomo imepasuka, damu. Nilipaka mafuta. Ulimi nukta nukta. Tezi shingo kushoto. Viatu havimwingii. Nilimpa dawa ya homa.*
*Jumamosi. Kulia kutwa. Mikono imevimba.*
*Jumapili. Kulala tu.*
*Jumatatu. Hivi alivyo.*

Alimbeba mtoto na shuka alilolalia. Hakumwosha uso. Midomo mikavu, nywele upande mmoja zimelala, miguu mitupu iliyovimba ikining'inia. Njiani alikutana na wateja wawili, hakuwasalimu.

Kwenye benchi la zahanati hakuna aliyempisha. Mama mmoja mwenye kitambaa cha maua alimnong'oneza mwenzake, ila kwa sauti ya kusikika, "Na huyu katolewa wapi hivi? Maji yamekatika?" Mwenzake akaguna. Nafasi iliyokuwa wazi ilikuwa mwisho, karibu na mlango. Dobi akaiona, akaijua tangu akiwa na miaka sita. Akajikaza kisabuni, akaketi.

Hakukaa sana. Tabibu binti alitoka kuita mtu mwingine, jicho likatua kwenye miguu ya Kifungo, akasahau jina alilotaka kuita.

"Baba, ingia wewe."

Ndani akamtazama Dobi, akamtazama mtoto. "Si wewe uliyekuja Jumatano? Wa gauni la njano?"

"Ndimi."

"Huyu ndiye yule?"

"Ndiye huyuhuyu. Leo hajafuliwa."

Kipimajoto kikasoma thelathini na tisa na nukta nane. Dobi akatoa lebo, akazipanga mezani moja baada ya nyingine, kama anavyozipanga nguo za familia moja. Binti akasoma. Alipofika ya nne alivuta kiti. Alipofika ya tano akaanza kuhesabu kwa vidole. Macho, midomo na ulimi, vipele, mikono na miguu, tezi. Mkono mzima ukajaa.

"Na homa siku nane. Lakini haya hayakuwapo yote kwa pamoja?"

"Hapana. Yalipokezana."

"Dawa ya homa ulikuwa unampa kabla ya kuja, ili asije akaonekana..." Binti hakumalizia.

"Ili asije akaonekana hivi," Dobi alisema.

Tabibu mtu mzima aliitwa. Akainama, akapapasa, akasoma lebo huku miwani ikimtelemka puani. Kisha akaivua kabisa.

"Mimi nilimwona Ijumaa," alisema polepole. "Nilimsifia soksi."

Hakuna aliyecheka. Binti alikuwa tayari na simu sikioni. "Nimewahi kuusoma tu kitabuni, daktari, sijauona kwa macho," alikuwa akimwambia mtu wa upande wa pili. "Ndiyo. Siku ya nane. Ndiyo, tunamleta sasa hivi."

Hospitali kubwa ilikuwa mwendo wa saa moja kwa gari la wagonjwa. Dobi alihesabu nguzo za umeme mpaka zikamchanganya.

Daktari wa watoto alikuwa mama mrefu, mtulivu, mwenye viatu vya raba visivyotoa sauti. Alimkagua Kifungo kuanzia utosini mpaka kwenye nyayo. Damu ikatolewa. Kisha wakaingia chumba chenye giza kidogo, akampaka mtoto kifuani ute baridi, akapitisha kidude kama kipande cha sabuni, na kwenye kioo kikaonekana kitu cheusi na cheupe kinachofumba na kufumbua. Daktari akakisogelea kioo. Akapima, akarudia, akapima tena. Dobi alikuwa amejifunza zamani kwamba fundi akirudia kutazama mahali pamoja, pale pana jambo.

"Baba, ugonjwa huu unaitwa Kawasaki."

"Kama pikipiki?"

"Kila mzazi ananiuliza hivyo." Daktari alitabasamu kidogo, kisha tabasamu likaondoka. "Ni jina la daktari aliyeueleza. Kinga ya mwili wa mtoto imekasirika, inavimbisha mishipa ya damu. Kwa nini, bado hatujui. Wewe hukuuleta. Hakuna kipimo kimoja cha kuuthibitisha. Tunaujua kwa kukusanya dalili, nazo hazina adabu, moja inakuja nyingine imeshaondoka. Zile lebo zako zimenifaa. Sasa tazama hapa. Mshipa huu unaulisha moyo wenyewe. Kwa mtoto kama huyu upana wake ungekuwa hivi. Yeye umetanuka, hivi."

Dobi alitazama. Kati ya hivi na hivi palikuwa na upana wa uzi.

"Kama lastiki ya suruali iliyochemshwa," alisema.

"Hivyo hivyo. Ukuta umevimba, ukalegea."

"Lastiki ikilegea hairudi, daktari."

"Lastiki hairudi. Mtoto mara nyingi hurudi, tukiwahi. Na kuwahi kwetu ni kabla ya siku kumi. Tukichelewa, mshipa unaweza kufura kama puto, damu ikagandia humo, na moyo ukakosa chakula."

"Leo ni ya nane."

"Ndiyo. Na dawa yenyewe haipo hapa. Inatoka hospitali nyingine, nimeshaiagiza. Itafika kesho asubuhi."

Mama Kifungo alifika alasiri na aproni ya jikoni kiunoni, hakukumbuka kuivua. Alimsikiliza mumewe amesimama, yote, hata yale ya mafuta ya midomo. Dobi hakujipunguzia neno.

"Mficha maradhi..." alianza Mama Kifungo, akashindwa kufika mwisho wa methali, kwa sababu mwisho wake unamtaja yule asiyetajwa mbele ya kitanda cha mtoto.

"Sikuficha," Dobi alisema. "Nilimsafisha tu."

"Kuna tofauti?"

Alitaka kusema ipo. Akatafuta, hakuipata. Mama Kifungo aliketi upande wa pili wa kitanda, na mpaka asubuhi walikuwa watu wawili wenye mtoto mmoja katikati, wasiotazamana.

Siku ya tisa ilianza na dirisha. Dobi alisimama pale tangu saa moja, akilitazama lango. Likaingia gari la mkate. Likaingia gari la maji. Saa tatu na robo likaingia gari dogo jeupe, akashuka dereva na kasha la baridi, akitembea bila haraka, akamsalimia mlinzi, akasimama kuzungumza.

"Tembea, bwana wee," Dobi aliliambia dirisha. "Tembea kwanza, mtazungumza kesho."

Dawa ilikuwa chupa za maji meupe, mazito kidogo kama wanga uliochujwa. Muuguzi alieleza kwamba imetolewa kwenye damu ya watu wengi mno, maelfu, waliochangia bila kumjua Kifungo, na kwamba huingizwa taratibu kwa dripu kutwa nzima. Pamoja nayo kulikuwa na kidonge.

"Aspirini?" Mama Kifungo alishtuka. "Si tunaambiwa kila siku watoto wasipewe?"

"Uliambiwa sawa, mama," alisema daktari, "na uendelee kuwaambia wenzako. Ila kwa ugonjwa huu tunaitoa, kwa kipimo chetu na macho yetu, damu isigande. Akipata mafua makali au tetekuwanga, usingoje, mlete. Na chanjo ya surua inayofuata tutaisogeza mbele, hii dawa ingeiharibia kazi."

Tone. Tone. Tone. Dobi alikaa chini ya chupa. Kila baada ya muda muuguzi alipima joto na presha, na kila mara Dobi alimtazama muuguzi usoni badala ya kutazama kipimo. Thelathini na tisa. Thelathini na tisa na nukta mbili. Thelathini na nane na nusu. Jua lilipozama chupa ya mwisho ilikuwa imebaki nusu.

"Ikishuka leo si mwisho," daktari aliwaambia. "Tunangoja siku moja na nusu baada ya dripu. Ikirudi, tutaanza upya."

Siku ya kumi homa ikawa haipo. Dobi hakuamini. Alimgusa mtoto shingoni, kisha akajigusa mwenyewe, kisha akaenda kuugusa ukuta, apate kitu cha kulinganisha. Siku ya kumi na moja, asubuhi, Kifungo alifungua macho, akasema kwa sauti ya kukwaruza, "Kopo."

Mama yake alitoka nje ya chumba haraka. Aliporudi, macho yake ndiyo yaliyokuwa mekundu. Akamwambia mumewe, na hilo lilikuwa neno lake la kwanza kwake tangu Jumatatu, "Hujala. Nenda ukale."

Siku mbili baadaye Dobi aliona ngozi ikimbanduka mtoto kwenye ncha za vidole, kuanzia chini ya kucha, kama lebo inayoachia. Alikimbia korido nzima kumwita daktari.

"Hiyo ni ya ugonjwa uleule," daktari alisema. "Hii huja nyuma, wakati shughuli imekwisha. Usiibandue, usiipake kitu."

"Sipaki kitu," Dobi alisema. "Mimi sipaki kitu tena."

Wakaruhusiwa na vidonge vidogo vya kila siku, na tarehe ya picha nyingine ya moyo baada ya wiki sita.

Wiki sita zile Dobi alifua kama kawaida, lakini mtaa uliona mabadiliko. Hakugombeza. Mwalimu alipokuja kufuata shati lake alipewa likiwa na lile wingu, limefifia tu.

"Halikutoka lote," Dobi alisema. "Sikujua ni la nini."

"Mbona hunitukani?"

"Pole kwa kusubiri, mwalimu."

Mwalimu aliondoka na hofu zaidi kuliko kama angetukanwa.

Kifungo alirudi kwenye kopo lake. Alikimbia, alianguka, alicheka, na kila alipokimbia baba yake aliinua uso kutoka mezani, akasikiliza. Mshipa hausikiki, alijua. Mtoto mwenye mshipa mbovu hucheka kama mwenye mzima. Hilo ndilo lililomnyima usingizi, kwamba safari hii hakukuwa na doa la kuangalia. Gauni la njano lilikuwa limetundikwa ukutani na umbo la pasi kifuani. Mama Kifungo alitaka kulifanya tambara, mumewe akasema bado.

Siku ya picha, Kifungo alikula uji mwenyewe, na uji nao ukamla yeye. Ulimfika kidevuni na kifuani. Mama yake aliyeomba ruhusa kazini alinyoosha mkono kuchukua kitambaa.

"Mwache," Dobi alisema.

"Baba Kifungo, ni uji huu."

"Mwache hivyohivyo. Tafadhali."

Wakaenda hivyohivyo. Dobi mwenyewe alivaa shati jeupe lililonyooshwa mpaka likawa na kingo, kwa sababu kuna mambo ambayo mtu hawezi kuyaacha yote kwa siku moja.

Chumba kilekile chenye giza kidogo. Ute ule wa baridi. Kifungo alisema, "Baridi!" akacheka. Daktari alitazama kioo. Akapima. Akarudia. Akapima mahali palepale mara ya tatu, na Dobi akahisi mkono wa mkewe ukiingia kwenye kiganja chake na kukibana hadi mifupa ikalia.

"Baba, mama," daktari alisema bila kugeuka, "sogeeni. Mnauona? Mara ile ulikuwa hivi. Leo ni huu hapa."

Dobi alisogea mpaka pua ikakaribia kioo. Alitazama kama anavyotazama kola kwenye mwanga wa dirisha, kwa jicho moja, kisha kwa yote mawili.

"Umerudi?"

"Umerudi kwenye kipimo chake. Aspirini tunaiacha. Ila tutampiga picha nyingine mwakani, nataka kuendelea kuuona. Na homa yoyote ndefu, mnakuja mapema."

"Tutakuja," alisema Mama Kifungo.

Daktari aliwasha taa. Akamwona Kifungo vizuri kwa mara ya kwanza siku ile, uji umekauka kidevuni umekuwa ramani.

"Sasa baba," alisema, "leo ungemfuta tu mdomo."

Dobi hakuwa na kitambaa. Alitazama huku na huku, kisha akauvuta mkono wa shati lake jeupe, akamfuta mtoto kidevu polepole, mpaka uji ukaisha. Walipofika nje mkewe akaliona doa kwenye mkono wa shati.

"Na hilo je?"

"Uji," alisema Dobi. "Mkono wa kulia. Usiliguse."